Kuchomelea, Kufua au Kukereza: Karakana ya Chuma ya Nyumbani Ianzie Wapi?

Mtu anayetaka kufanya kazi za chuma nyumbani kwa kujifurahisha, si kwa kutafuta riziki, ana njia tatu kubwa mbele yake. Ya kwanza ni kuchomelea, yaani kuunganisha vyuma kwa joto la umeme, kazi inayoonekana kandokando ya barabara kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kariobangi jijini Nairobi. Ya pili ni kufua, uhunzi wenyewe, ambapo chuma hupashwa moto hadi kilainike, kisha kikapigwa nyundo juu ya fuawe mpaka kipate umbo. Ya tatu ni kukereza, ambapo kipande cha chuma huzungushwa na mashine huku kisu kigumu kikikipunguza kidogo kidogo hadi kifikie kipimo kinachotakiwa. Wapo wenye karakana zenye yote matatu, lakini ni wachache walioanza hivyo, kwa sababu fedha, nafasi na uvumilivu wa majirani ni vitu ambavyo havipatikani vyote kwa mara moja.

Ulinganisho huu umekusudiwa mtu mwenye uwanja mdogo au chumba cha ziada, umeme wa kawaida wa nyumbani, na saa chache za jioni au za Jumamosi. Mwenye nia ya kufungua biashara ana hesabu nyingine, ya wateja na leseni, ambayo haimo humu.

Vigezo

Vigezo ni sita: nafasi na majirani, umeme na nishati nyingine, vifaa na gharama, hatari kwa mwili, namna ya kujifunza, na mwisho kazi inayotoka. Mpangilio huo ni wa makusudi. Wengi huanzia mwisho, wakajiuliza kwanza wanataka kutengeneza nini, na kwa kufanya hivyo hununua mashine ambayo baada ya muda mfupi hawawezi kuiwasha bila ugomvi na jirani au bila kuzima taa za nyumba nzima. Kwa maoni yangu, vigezo viwili vya kwanza ndivyo vinavyoamua kama karakana itatumika kila wiki au itageuka stoo. Ufundi wa mikono hutokana na kurudia, na mtu hurudia kile ambacho mazingira yake yanamruhusu kukirudia.

Bei sikuzitaja kwa shilingi, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na thamani ya dola na ushuru wa forodha. Nimetaja uwiano tu, yaani kipi ni ghali kuliko kipi.

Msingi ulio sawa kwa njia zote

Njia yoyote utakayoichagua, kuna vifaa ambavyo huwezi kuvikwepa: meza nzito isiyotikisika, jiriwa iliyofungwa kwa bolti, tupa za aina mbalimbali, msumeno wa chuma wa mkono, drili, rula ya chuma, skwea, tindo, nyundo na grinda. Sehemu kubwa ya kazi za chuma, hata kwa mwenye mashine ya thamani, ni kupima, kuweka alama, kukata na kupiga tupa. Anayeona uvivu katika hayo atachoka na njia zote tatu.

Grinda inastahili neno la ziada. Grinda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na diski iliyopasuka kwa kasi hiyo haina rafiki. Diski iwe imeandikwa kasi isiyopungua ile ya mashine, kava lake lisiondolewe hata kama mafundi wengi wa mitaani wameliondoa, na diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Ningethubutu kusema kwamba katika karakana nyingi za nyumbani grinda ni hatari zaidi kuliko mashine kuu yenyewe, na kwa hakika ndiyo yenye kelele kubwa zaidi.

Nafasi na majirani

Kuchomelea kunahitaji hewa ya wazi na sakafu isiyoshika moto. Eneo la mita mbili kwa tatu linatosha kwa kazi ndogo, na mashine za kisasa za kielektroniki, ziitwazo inveta, ni nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, hivyo mpangaji anaweza kufanya kazi uani na kurudisha kila kitu ndani jioni. Kuchomelea kwenyewe hakupigi kelele nyingi. Kelele ni ya grinda na ya kugonga ganda la juu ya kiungio. Kinachosahaulika ni mwanga. Mtoto wa jirani anayetazama kwa mshangao kupitia uzio anaumia macho sawa na fundi asiyevaa kinyago, kwa hiyo pazia zito lisiloshika moto kwa urahisi, au bati lililosimamishwa, ni sehemu ya vifaa. Cheche nazo huruka mita kadhaa, na uani kwa watu huwa na magodoro yaliyoanikwa, madumu ya mafuta ya taa na mapaa ya makuti.

Kufua ndiko kunakodai mengi kwa majirani. Nyundo juu ya fuawe hulia kwa sauti inayopenya kuta, na sauti hiyo haifichiki, ingawa hupungua sana fuawe ikikalishwa juu ya gogo lililozikwa kwenye mchanga na kufungwa mnyororo kiunoni. Moshi upo hasa wakati wa kuwasha, kisha hupungua mkaa ukishakolea. Sakafu ya udongo ni bora kuliko ya saruji, kwa sababu chuma chekundu kikianguka juu ya zege huweza kulipasua na kurusha vipande. Panahitajika pia kivuli: mhunzi husoma joto kwa rangi ya chuma, na rangi hiyo haionekani vizuri katika jua la saa sita mchana. Banda lenye paa la bati na pande zilizo wazi ndilo linalofaa. Katika nyumba ya ghorofa au nyumba za kupanga zilizogusana, kufua hakuwezekani, na hapo hakuna haja ya kujidanganya.

Kukereza kunakaa chumbani. Mashine ndogo ya mezani huvuma kwa sauti ya chini na haitoi moshi wa kusumbua mtu. Inadai meza imara iliyosawazishwa, mwanga mzuri, na chumba kinachofungwa. Adui wake ni kutu. Kwa wakazi wa Tanga, Zanzibar au Mombasa, hewa ya chumvi huacha madoa kwenye vyuma visivyopakwa rangi usiku mmoja tu, hivyo kufuta na kupaka mafuta kila baada ya kazi ni wajibu. Jambo dogo lakini la kweli: mabaki makali ya chuma hunasa kwenye soli za viatu na kuishia kwenye zulia la sebuleni. Weka viatu vya karakana vibaki huko huko.

Nchini Kenya zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na Tanzania malalamiko ya namna hiyo huweza kufika kwa baraza la mazingira, NEMC. Hata hivyo, kabla ya kanuni yoyote kuna busara ya kumwendea jirani na kukubaliana naye saa za kazi.

Umeme na nishati

Hapa kuchomelea kunahitaji hesabu. Nyumba nyingi zina umeme wa fezi moja wa volti 230 hadi 240, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13, sawa na takriban kilowati 3. Kijiti, yaani ule uzi wa chuma unaoyeyuka na kuunganisha, kikiwa cha milimita 2.5 huchomelea kwa ampea kama 60 hadi 90, na inveta nzuri huweza kukichoma kwa soketi hiyo bila shida kubwa. Kijiti cha milimita 3.2 hutaka ampea kama 90 hadi 130, na kwa kazi hiyo mashine huvuta ampea 20 na zaidi kutoka kwenye laini. Huko soketi ya ukutani haifai tena: inahitajika laini yake yenyewe kutoka mein switchi, yenye waya wa milimita za mraba 4 au zaidi, sakiti breka yake na waya wa ethi uliofungwa na fundi umeme mwenye leseni. Waya mrefu mwembamba wa kurefusha soketi hupata moto na hushusha volti, ndipo kijiti kinaponasa kila kikigusa chuma na mwanafunzi akadhani mkono wake ndio mbaya. Mashine za transfoma za kienyeji zinazofungwa na mafundi wa mitaani ni ngumu na hutengenezeka kirahisi, lakini huvuta umeme mwingi na hufanya taa za majirani zipepese.

Bili si kubwa kama watu wanavyoogopa. Katika saa nzima ya kazi, muda ambao kijiti kinawaka kweli mara nyingi hauzidi dakika 20, na kwa kijiti cha 2.5 hiyo ni chini ya uniti moja. Mtanzania aliye katika kundi la ruzuku la TANESCO, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, aangalie tu asivuke mpaka huo, kwa kuwa akivuka na kuhamishwa kundi, uniti zote za nyumbani zitampanda bei.

Kufua hakujali kukatika kwa umeme. Mkaa na mvukuto wa mkono vinatosha, na kipepeo kidogo cha umeme, yaani feni ya kupulizia moto, ni nafuu tu ya mkono. Mkaa unaopulizwa huliwa haraka kuliko wa jikoni, na hiyo ndiyo gharama ya kudumu. Mwambao wa pwani una neema yake: mkaa wa vifuu vya nazi huwaka kwa joto kali na haujai vumbi. Tanuri la gesi ya kupikia ni safi na huwaka kwa dakika chache, ila linahitaji regyuleta ya shinikizo kubwa, si ile ya jikoni, na mtungi mdogo hupoa unapotumika mfululizo hadi gesi ikadhoofika kabla haijaisha. Mtungi wa kilo 15, au wa 13 kwa upande wa Kenya, ndio wa kuanzia.

Mashine ndogo ya kukereza hula umeme kidogo kuliko pasi: mota zake nyingi ni za wati 500 hadi 750. Tatizo lake ni ubora wa umeme, si wingi. Saketi zinazodhibiti kasi huharibika volti inapopanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza si anasa. Mashine kubwa za zamani zinazouzwa viwanda vinapofungwa huonekana bei poa, lakini karibu zote ni za fezi tatu, na kuziendesha nyumbani kunahitaji kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu pamoja na mota inayokubali kufungwa hivyo. Liulize hilo kabla ya kulipa gharama ya kukodi kreni.

Vifaa na gharama

Kwa fedha ya kuanzia, kuchomelea na kufua viko karibu, na kukereza kuko mbali juu yao. Anayechomelea hununua mashine, kinyago, glavu za ngozi, brashi ya waya na nyundo ya kugonga ganda, kisha hutumia daima vijiti, diski na chuma chenyewe. Vijiti vya E6013 ndivyo vinavyosamehe makosa ya mwanzo. Vile vya E7018 hutoa kiungio chenye nguvu zaidi lakini havitaki unyevu hata kidogo, jambo gumu pwani. Tahadhari moja sokoni: namba kubwa ya ampea iliyoandikwa usoni mwa mashine ya bei ya chini haisemi kitu. Tafuta kwenye kibati cha nyuma ni dakika ngapi katika kila 10 mashine inaweza kufanya kazi kwa ampea utakazozitumia.

Mhunzi hujitengenezea vingi. Tanuri hujengwa kwa ringi ya gari au nusu ya pipa iliyokandikwa udongo, koleo hufuliwa na mwenyewe, na fuawe huweza kuwa bonge lolote la chuma zito, kwa kuwa uzito ulio chini ya nyundo una maana kuliko umbo la pembe. Malighafi ni springi za gari, shafti na nondo. Hata hivyo kipande cha reli, ambacho wengi hukitamani, kina maswali ya kisheria. Hujuma dhidi ya miundombinu ilifanya Kenya ipige marufuku biashara ya vyuma chakavu mnamo Januari 2022 na kuiruhusu tena Mei mwaka huo huo kwa masharti. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti, na usipokee kitu ambacho asili yake haielezeki.

Kwa anayekereza, bei ya mashine ni nusu ya habari. Baada yake huja chaki, yaani kishikio cha kipande kinachozungushwa, ya meno matatu na ya meno manne, visu, jiwe la kunolea, kaliba ya vernia, maikromita na saa ya kupimia mtetemo, na kwa pamoja huweza kufikia bei ya mashine yenyewe. Mashine ya mezani ya kawaida kutoka China hukubali kipande cha urefu wa kama milimita 300 na huwa na uzito wa karibu kilo 40, ambayo watu wawili wanaibeba. Ya mtumba ichunguzwe kwa kusogeza gari la kisu toka mwanzo hadi mwisho wa kitanda, yaani reli ambazo gari hilo hutelezea: likilegea karibu na chaki na kukaza mwishoni, kitanda kimelika pale palipofanyiwa kazi zaidi, na hakuna skrubu ya kurekebisha itakayokiponya.

Hatari kwa mwili

Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila maumivu ya papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga chini ya kope. Kioo cha kinyago kiwe cha namba 10 au 11 kwa kazi za nyumbani. Miwani ya jua, ambayo mafundi wengi huitumia, haitoi kinga ya kutosha. Moshi ni jambo zito zaidi. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la kimataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi palipo wazi, upepo ukitoka ubavuni na kichwa kikiwa nje ya moshi. Bomba na mabati yenye zinki yakwanguliwe zinki yake kwanza, la sivyo moshi mweupe wake huleta homa na baridi kali jioni. Imani ya kunywa maziwa ili kuondoa sumu imeenea sana, lakini maziwa huenda tumboni na moshi umeingia mapafuni. Mwisho, usichomelee kamwe pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli au kemikali, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Wala usichomelee ukiwa umevaa kandambili juu ya sakafu yenye maji.

Hatari za kufua huonekana wazi zaidi, na labda kwa sababu hiyo huheshimiwa. Chuma chekundu hakuna anayekishika. Kinachounguza ni kile kilichopoa hadi kuwa cheusi na bado kina nyuzi 400. Mtu azoee kupitisha kiganja juu yake bila kugusa kabla ya kukiokota. Mafuta ya kuzamishia chuma cha moto ili kiwe kigumu hulipuka moto, hivyo chombo kiwe cha chuma chenye kifuniko, si ndoo ya plastiki. Mkaa katika chumba kilichofungwa huua kwa hewa isiyo na harufu. Kiwiko cha mkono, nacho, huchakaa kwa mtu anayeng’ang’ania nyundo nzito mno. Nyundo ya kilo moja inatosha kwa muda mrefu.

Mashine ya kukereza ni tulivu, haina moshi, na haisamehe. Kitu chochote kinachoninginia, iwe mkono wa shati, kitambaa cha kufutia, shanga au nywele, huvutwa ndani kabla mtu hajatambua. Glavu, ambazo ni lazima katika kuchomelea, hapa ni marufuku mashine inapozunguka. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde moja. Mabaki marefu ya chuma yanayojiviringisha huondolewa kwa kulabu baada ya mashine kusimama.

Namna ya kujifunza

Kuchomelea hutoa matunda mapema. Alasiri moja inatosha kuunganisha vipande viwili visivyoachana, na kozi fupi za VETA, vyuo vya ufundi stadi, kwa Tanzania, au wiki chache pembeni ya fundi mwenye subira, humfikisha mtu mbali. Ugumu uko kwenye skwea paipu nyembamba ya milimita 1.2 au 1.5, ambayo hutoboka kabla mkono haujajua kasi yake, na kwenye kuchomelea kwa wima. Kiungio kizuri machoni kinaweza kuwa kimekaa juu tu ya chuma bila kuingia. Njia ya kujua ni kukibana kwenye jiriwa na kukivunja kwa nyundo, zoezi ambalo wanaojifunza wenyewe hawalifanyi vya kutosha.

Kufua hujifunzwa polepole, na sehemu ya mvuto wake ni huo upole. Kulabu ya kutundikia hufuliwa siku ya kwanza. Kisu kinachokata kweli kinahitaji kuelewa kinachotokea ndani ya chuma. Chuma huacha kushikwa na sumaku karibu nyuzi 770 za Selsiasi, na joto la kuzamisha kwa vyuma vingi vya springi liko juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo sumaku ya spika mbovu ni kipimajoto cha maskini kinachofanya kazi kikamilifu. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo yanafaa kwa kuzamishia springi, wakati maji mara nyingi huipasua. Baada ya kuzamishwa, chuma ni kigumu lakini huvunjika kama kioo, hivyo hupashwa tena kwa nyuzi 200 hivi hadi uso wake uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu, ndipo kinapopata ukakamavu. Nondo haifai kwa kisu, kwa kuwa kaboni yake, ambayo ndiyo hukiwezesha chuma kuwa kigumu, ni ndogo na hutofautiana kati ya kipande na kipande.

Elimu hii si ngeni katika nchi zetu. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 maelezo ya tanuri za Wahaya wa Kagera, ambao mababu zao walizalisha chuma chenye kaboni karibu miaka 2,000 iliyopita, na Ufipa kulikuwa na matanuri marefu yaitwayo malungu. Hiyo ilikuwa kazi ya kuyeyusha mawe yenye madini, ambayo ni tofauti na kufua, lakini wahunzi wa vijijini wanaofua majembe na mapanga bado wapo, na wengi wao humkaribisha mgeni anayekuja kwa adabu.

Kukereza hutegemea akili ya hesabu kuliko kipaji cha mkono. Kasi ya kuzungusha hupatikana kwa kugawa kasi ya kukata kwa mzingo wa kipande: kwa chuma laini na kisu cha kawaida cha chuma cha kasi, kasi ya mita 25 kwa dakika ni mwanzo mzuri, hivyo kipande cha kipenyo cha milimita 25 hutaka mizunguko kama 320 kwa dakika. Mwanafunzi hupata jibu mara moja, kwa kuwa maikromita husema kama amekosea kwa sehemu tano za mia ya milimita, na haibembelezi. Mtu anayependa michoro na vipimo huendelea haraka peke yake. Mtu anayetaka kuona kitu kikubwa kimesimama mwisho wa siku atahisi kifungo.

Kazi inayotoka

Kuchomelea hutoa vitu vizima: geti, vitanda, meza, rafu, majiko, toroli, vizimba vya kuku. Karakana nyingine yoyote hujengwa nayo, kuanzia meza hadi kibanda. Kazi ya anayeanza isiwe ile inayobeba uhai wa mtu, kama stendi za kushikilia gari, ngazi za ghorofani au vyuma vya usukani.

Kufua hutoa visu, tindo, kulabu, bawaba, koleo, vyombo vya bustani na mapambo, vitu vidogo vyenye alama ya mkono. Hutoa pia zana za njia nyingine mbili. Kukereza hutoa bushi, shafti, puli, pini, nati na boliti za vipimo visivyopatikana dukani, na sehemu za injini ndogo au feni ambazo spea zake zimekwisha sokoni. Ni nadra kutoa kitu kizima peke yake. Sehemu kubwa ya thamani yake ni kuponya mashine nyingine.

Kwa hali yako

Ukiwa mpangaji katika nyumba zilizobanana, na una chumba kimoja cha ziada, kukereza ndiko kutakakokuachia majirani wako, mradi mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, anza na jiriwa, tupa na drili kwa miezi kadhaa. Kazi ya tupa ni matayarisho yanayofaa kabisa kwa mashine ya vipimo.

Ukiwa na ua wenye ukuta, familia inayohitaji vitu vya nyumbani, na umeme unaoaminika, kuchomelea kutalipa gharama yake mapema kuliko njia nyingine. Nunua inveta ya wastani, vijiti vya 2.5, na tumia fedha iliyobaki kwenye kinyago kizuri, si kwenye mashine kubwa zaidi.

Ukiwa kijijini au pembezoni mwa mji, jirani yuko mbali, na umeme haupo au unakatika siku yoyote, kufua kuna faida zote upande wako. Hata mwenye sola ndogo anaweza kuendesha kipepeo cha tanuri, jambo ambalo mwenye kuchomelea haliwezi kwa sola ya ukubwa huo.

Mwenye pumu au kifua kibovu akae mbali na kuchomelea na azingatie kukereza. Mwenye maumivu ya kiwiko au bega asianze na nyundo. Mwenye watoto wadogo wanaoingia kila mahali aipe uzito karakana inayofungwa kwa kufuli, ambayo kwa kawaida ni ile ya chumbani, na kwa uani achague saa ambazo watoto wako shuleni.

Anayeishi pwani na kusafiri mara kwa mara afikirie kutu kabla ya kununua mashine ya kukereza, kwa sababu mashine iliyoachwa miezi miwili bila mafuta Kisiwandui au Likoni hairudi ilivyokuwa. Fuawe na inveta iliyofungiwa kabatini huvumilia safari hizo.

Na kama mezani kwako tayari kuna mashine moja, ya pili ichaguliwe kwa kuangalia kazi zinazokwama. Anayechomelea hukwama mara nyingi kwenye tundu lisilo sawa na shafti isiyoingia, na huyo anahitaji kukereza. Anayefua hukwama kwenye kuunganisha, hivyo inveta ndogo humfungulia milango mingi. Anayekereza hukosa fremu za kushikilia alivyotengeneza na visu vya umbo la pekee. Kwa fremu achomelee, na kwa visu, kama uani pana nafasi ya gogo na ndoo ya mchanga, awashe mkaa.